Kabla ya Kadi, Fungua Kasha

Kijana akija na kompyuta kuukuu akitaka icheze gemu, swali lake la kwanza ni kadi ya grafiki: ninunue ipi? Si ajabu, maana kadi ndiyo inayochora picha na ndiyo inayomaliza pesa. Lakini nyinyi mnaoanza kazi hii ya kutengeneza kompyuta, au mnaotaka kujitengenezea mashine nyumbani huko Kisauni au Likoni, nawasihi swali hilo liwe la mwisho. Kompyuta nyingi zinazouzwa hapa Mombasa kwa bei ya kijana ni za ofisi, zimetumika ng'ambo kisha zikaletwa kwa kontena: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, HP Compaq. Ni mashine imara mno, ila zilipimiwa umeme na nafasi ya kuandikia barua na kupiga hesabu. Kadi utakayoweka huamuliwa na kasha na pawasaplai, kile kifaa cha ndani kinachogawa umeme, hata kama pesa unazo.

Chukueni OptiPlex 9020, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kizazi cha nne cha Intel, iliyotoka mwaka 2013. Jina ni moja, maumbo ni kadhaa. Ule mnara wenye herufi MT una pawasaplai ya wati 290 na nafasi ya kadi ya kimo kamili. Kasha jembamba, SFF, lina wati 255, na kadi yake lazima iwe ya kimo kifupi yenye bamba fupi la nyuma. Ile ndogo kabisa, Micro, haina hata sloti ya kadi; hiyo ya gemu iacheni. Kama bado hujanunua, tafuta mnara, hata ikibidi kuzunguka Digo Road yote na kurudi kesho yake. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kasha jembamba likishakuwa lako, kila hatua inayofuata inakuwa ya kubanwa: kadi chache, bei juu, hewa haba. Kadi nyingi pia hula nafasi ya sloti mbili, basi chukua rula upime kutoka kwenye sloti hadi kitu cha kwanza kilicho jirani yake. Soma na mwongozo wa mtengenezaji, maana kuna makasha membamba ambayo sloti yake imewekewa kikomo cha umeme kilicho chini ya kawaida.

Kawaida yenyewe ni hii: sloti ya PCI Express x16, ile ndefu inayochomekwa kadi, hutoa wati 75, basi. Kadi isiyovuka hapo haitaki waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai, na hizo ndizo marafiki wa mashine za ofisi. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ni mojawapo (majina ya GTX na RTX ni ya Nvidia, ya RX ni ya AMD). GTX 1650 ya 2019 ni nyingine, lakini itazame kwa macho, kwa sababu baadhi ya watengenezaji waliiongezea tundu la pini 6. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, hula wati 70 tu. Ile ya GB 8 ni kadi tofauti na inataka waya wake. RX 6400 hula wati 53, ila inatumia njia nne tu za PCI Express za kupitishia data, na kwenye mazabodi (ubao mkuu unaounganisha vyote) za zamani hupoteza nguvu kwa kiasi cha kuonekana. Mimi singeichagua kama 1650 ipo.

Kisha kuna kishawishi. Mtu atakuonyesha RX 580 iliyotumika, bei ya kuvutia, nguvu kubwa kuliko uliyoikusudia. Kadi hiyo hula wati 185 na inataka plagi ya pini 8, ambayo pawasaplai yako haina. Muuzaji atakutolea adapta inayogeuza waya wa SATA, ule wa kulisha diski, kuwa plagi ya kadi. Ikataeni adapta hiyo. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Plagi ya pini 6 inaruhusiwa kudai 75, na ya pini 8 inaruhusiwa 150. Plastiki huyeyuka, na si lazima siku ya kwanza, ndiyo maana utakutana na watu watakaoapa kwamba zao zinafanya kazi.

Ukitaka kadi kubwa kwa njia ya haki, badilisha pawasaplai, na hapo mazabodi ina neno la kusema. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 inapokea plagi ya kawaida ya pini 24. (Dell walilirudia jina hilo kwa mashine ya 2023, kwa hivyo angalia prosesa kabla ya kujibizana bei.) Lakini 9020 inataka plagi ya pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 inataka ya pini 6. Nyaya za kugeuzia zipo na zinafanya kazi vizuri. Agiza inayotaja modeli yako kwa jina, wala usikubali kuambiwa kwamba zote ni sawa.

Kuhusu kadi za kughushi nataka mnisikilize kwa makini. Zipo kadi za zamani sana, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Windows itaamini. Gemu haitaamini, kwa sababu kadi hizo zina viini 192 vya kukokotoa picha na ile ya kweli ina 768. Dalili ya kwanza iko nje: kadi za kizazi cha 10 za Nvidia hazitoi tena mawimbi ya VGA, kwa hivyo ukiona 1050 Ti yenye tundu la VGA, shuku papo hapo. Ya pili ni programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu 2018 huandika neno la onyo kwenye jina la kadi ikigundua ulaghai. Ukinunua dukani, omba kadi ichomekwe mbele yako. Ukiagiza Nairobi ije kwa basi, omba video ya GPU-Z ikifunguliwa kwenye kadi hiyohiyo, namba ya kadi ionekane, ndipo utume M-Pesa. Muuzaji mwaminifu haoni tabu.

Habari ya VGA inagusa monita pia. Monita nyingi za ofisi zina VGA peke yake, na waya wa kugeuza usio na chipu ndani hautoi picha. Nunua kigeuzi chenye chipu au tafuta monita yenye HDMI. Kisha waya uchomeke kwenye kadi yenyewe, chini. Wageni wengi huurudisha kwenye tundu la mazabodi, wakacheza kwa grafiki ya prosesa huku kadi imekaa bure.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya mashine hizi ni ya aina ya DDR3, na ni rahisi, ila ina mitego mitatu. Kuna vipande vya bei ya chini vinavyouzwa kuwa ni vya AMD. Kwenye mazabodi ya Intel haviwaki. Kuna vya seva, ambavyo navyo haviwaki. Na vya laptopu ni vifupi, haviingii. Weka viwili vinavyofanana ili vifanye kazi sambamba, GB 16 kwa jumla. Diski ya SSD ya SATA sihitaji kuitetea, iweke.

Kwenye prosesa, ukiwa na i5-4570 unaweza kupanda hadi i7-4770 kwenye soketi ileile ya LGA 1150, ukapata nyuzi nane badala ya nne, yaani kazi nane kwa wakati mmoja. Ninachowaomba ni msinunue tena kizazi cha tatu kwa ajili ya gemu mpya. Kizazi cha nne kina maagizo ya AVX2, yaani amri za ziada za hesabu ndani ya prosesa, cha tatu hakina, na gemu nyingine za siku hizi hukataa kufunguka bila hayo. Mjue pia kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane pamoja na TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama. Mwenye pesa kidogo zaidi aanze na kizazi cha nane. Asiyekuwa nazo bado atacheza gemu nyingi za miaka iliyopita, na fundi amwambie mteja wake ukweli huo mapema.

Jambo la kwetu hasa ni hewa. Wakati wa kaskazi chumba cha mabati hapa ni tanuri, na hewa ya bahari ina chumvi. Pesti ya joto iliyokaa juu ya prosesa zaidi ya miaka kumi imekauka. Ifute kwa spiriti, paka mpya. Prosesa hizi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Miguu ya RAM yenye ukungu wa kijani isugue taratibu kwa kifutio. Usiweke kasha sakafuni wala ukutani penye unyevu. Na stima ikipotea, chomoa, ngoja irudi na itulie.

Ukimaliza kufunga, endesha gemu nzito nusu saa huku ukitazama joto. Ikizima ghafula kama iliyochomolewa, shuku pawasaplai. Ikianza vizuri kisha ikakwamakwama, shuku joto. Picha ikijaa madoa ya rangi, shuku kadi, na irudishe kabla siku mlizokubaliana na muuzaji hazijaisha.