Mwachie mausi

Wewe uliyeanza juzi kazi ya kupiga Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye kompyuta za watu, kupiga kwenyewe hakutakusumbua. Kazi inaanza mwenye mashine anapoketi mbele ya uso asioujua, ule ambao vitabu vinauita eneo-kazi. Na wateja wapo: Microsoft ilisitisha msaada wa bure wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11.

Mimi nilijifunzia kwa mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla kwenye soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Nilimpigia Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, nikamwamkia, nikaanza kumtembeza: menyu hii hapa, saa ile pale, mipangilio, rangi. Robo saa nzima anaitikia "ehe, ehe." Nilipomaliza akauliza, "Mwanangu, na madeni yangu yako wapi?"

Kumbe hakunisikia hata neno. Muda wote alikuwa anawaza kwamba daftari lake la wateja limefutika. Lilikuwepo, nilishalinakili kwenye flashi na kulirudisha, sikumwambia tu. Tangu siku hiyo sifundishi chochote kabla faili la mtu halijafunguka mbele ya macho yake. Menyu atakutana nayo njiani.

Halafu mausi. Mkono utakuwasha uishike, hasa anapopita mara tatu juu ya kitufe bila kukibofya. Usiishike. Ukimfanyia wewe, atasema "nimeelewa" kwa heshima tu, na jioni atakupigia simu. Wala usimuulize kama ameelewa. Mwombe: "Mama, hebu niongezee mteja mmoja hapo, halafu sevu." Akikosea, kosa liwe la mashine: "Haijakusikia mama, jaribu tena." Mtu mzima kusahihishwa na kijana mbele ya wapakiaji wake ni jambo zito, kwa hiyo nenda biashara ikishapoa.

Maneno yake nayo yasikilize. Alipobofya kile kistari cha juu na dirisha likatoweka, alishtuka: "Limezama!" Nilikuwa na maelezo yangu marefu tayari, nikayameza. Limezama, bofya hapa kwenye mstari wa chini, linaibuka. Mpaka leo nafundisha hivyo hivyo, hata kwa wanafunzi wa chuo.

Ndiyo maana kwa anayeanza nachagua Cinnamon, mojawapo ya maeneo-kazi ya Linux: mstari uko chini, menyu iko kona ya kushoto, kama alivyozoea. GNOME, eneo-kazi jingine, ni nzuri na naitumia mwenyewe, lakini ukiichukua kama ilivyo haina hata kitufe cha kuzamishia dirisha. Utaeleza mpaka jua lizame nalo.

Kitu kimoja kimalize kabla hajaketi: ingia kwenye mipangilio ya LibreOffice, programu ya kuandikia na mahesabu, uiambie isevu kwa muundo wa Excel. Usipofanya hivyo, siku mhasibu wake atakapotumiwa faili la .ods, muundo wa LibreOffice yenyewe, lawama ni zako.

Baada ya wiki, rudi. Kwa yule mama nilikuta uso wote wa kompyuta umejaa mafaili, hakuna folda hata moja. Vidole vikaniwasha kuyapanga. Nikamuuliza la wateja wa Sengerema liko wapi. Akaligusa papo hapo kwa kidole, chini ya lile la Ukerewe. Nikayaacha.