Je, wanakili hawakukosea Biblia?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Jirani yangu ananiambia Biblia imenakiliwa kwa mkono karne nyingi mno, hivyo haiwezekani maneno yakabaki yale yale. Nimekosa la kumjibu. Je, wanakili hawakukosea?

Jibu: Amina, dada yangu. Walikosea. Nalisema mapema kwa sababu wako watetezi wa Biblia wanaodai hakuna mwandishi aliyeruka hata herufi moja, na dai hilo huanguka mara mtu anapoziona hati zenyewe.

Litazame gombo kubwa la Isaya lililopatikana mwaka 1947 pangoni Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Ni la ngozi, lina urefu wa zaidi ya mita 7, na liliandikwa miaka 100 na zaidi kabla ya Kristo. Katika Isaya 40 maneno "majani yakauka, ua lanyauka" yamo mara mbili, mstari wa 7 na wa 8. Jicho la mwandishi liliruka kutoka ya kwanza hadi ya pili, akayaacha yote ya katikati. Baadaye mkono mwingine uliyarudisha: ukaanza juu ya mstari, nafasi ikaisha, ukateremka nayo pembeni. Kosa na sahihisho vyote vinaonekana hadi leo, tena katika aya isemayo "neno la Mungu wetu litasimama milele".

Biblia kamili ya Kiebrania ya zamani kuliko zote iliyopo leo ni ya mwaka 1008, nayo iko Saint Petersburg, Urusi. Kati yake na gombo hilo ipo miaka zaidi ya 1,000. Ukizilinganisha, tofauti ni nyingi, ila kubwa yake ni tahajia na maneno madogo madogo. Isaya ni yule yule.

Waliotunza maandishi hayo kwa bidii kuu ni Wamasora, wanazuoni wa Kiyahudi, hasa wa Tiberia huko Galilaya. Walitia alama za irabu, wakahesabu aya za kila kitabu; Mwanzo walipata 1,534. Penye neno waliloona halisomeki sawasawa, hawakuligusa. Waliliacha lilivyo, wakaandika pembeni namna ya kulisoma. Uchaji huo hunigusa sana: mtu anaona anajua lililo sahihi, na bado anauzuia mkono wake.

Yako pia mazito zaidi ya tahajia. Kitabu cha Yeremia katika tafsiri ya kale ya Kiyunani ni kifupi kuliko cha Kiebrania kwa takriban sehemu moja ya nane, na vipande vya Qumran vimeonyesha kuwa Yeremia hiyo fupi ilikuwapo hata kwa Kiebrania. Katika Agano Jipya, hati mbili maarufu za karne ya 4, ya Sinai na ya Vatikani, zinamalizia Marko kwenye 16:8. Ndiyo maana Biblia nyingine hutia mabano kuanzia aya ya 9.

Kwa hiyo jirani akirudi, usibishane naye. Fungueni Marko 16 pamoja, msome na tanbihi iliyo chini ya ukurasa.