Anza na bibi yako

Wete, Pemba

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mvua zimekatika na njia ya kwetu inapitika tena.

Umesema unataka jawabu la mama, si la muuguzi mstaafu. Utapata yote mawili, kwa sababu mimi sijui kuyatenganisha. Utafiti wako ni juu ya namna ya kuwaonya watu kuhusu tambuu, lile jani linalotafunwa pamoja na popoo (ile kokwa ngumu), chokaa na pengine tumbaku, na kuhusu saratani ya kinywa, na msimamizi wako huko Dodoma anataka uamue kama maneno yatatisha au yatatia moyo. Lakini kilichokukosesha usingizi ni hiki: "Mama, nikiandika kwamba tambuu inaua, nani wa Pemba ataniamini, na bibi anatafuna tangu alipoolewa na mpaka leo anatushinda kuamka?"

Hakuna atakayekuamini, na wana haki. Kila mtaa una bibi kama huyo. Mtu akisoma bango lako akainua macho, anamuona yuko ukumbini na kijaluba chake cha tambuu, anachambua choroko. Mabango yetu mengi yameandikwa kana kwamba msomaji hana macho.

Kwa hiyo anza na bibi, usimkimbie. Andika maneno ambayo yeye mwenyewe akisomewa hatapata pa kukuambia umesema uongo. Kwa mfano: wengi wanaotafuna hawapati saratani ya kinywa, lakini atafunaye yumo hatarini zaidi kuliko asiyetafuna, na kadiri anavyotafuna mara nyingi na kwa miaka mingi ndivyo hatari inavyozidi. Najua, ni ndefu na haipendezi kwenye bango. Lakini umri wa bibi hauwezi kuivunja.

Kisha wape khabari ambayo hawanayo. Huku kila mtu anajua tumbaku ni mbaya, ndiyo maana wanawake wengi wanakwambia kwa kujiamini, "Mimi tumbaku sitii, natia popoo na chokaa tu." Hawa ndio wasomaji wako. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lile la Lyon, Ufaransa, lilishasema kwenye ripoti yake ya 2004 kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inasababisha saratani kwa binadamu. Na kabla ya saratani popoo huwa imeshaanza kazi: ndani ya shavu panakakamaa, pilipili inawasha kuliko zamani, kinywa kinapungua kufunguka. Wengi hudhani ni uzee. Nimewahi kumuona mama wa makamo ambaye kijiko cha chai kilikuwa kinamshinda, na yeye akilaumu meno.

Ila hapo kuna mtego, na wanahabari huuangukia kila mara. Orodha ya shirika hilo ya vitu vinavyosababisha saratani imepangwa kwa makundi, na makundi hayo yanapima uhakika wa ushahidi. Ukubwa wa hatari ni jambo jengine kabisa. Sigara imo katika kundi la kwanza, popoo imo, na jua hili tunaloanikia karafuu nalo limo. Ukiandika "popoo ni sawa na sigara" kwa sababu zimekaa kundi moja, umesema jambo ambalo orodha haikulisema, na siku mtu atakapogundua kuwa jua nalo limo, atacheka na kutupa karatasi yako yote.

Namba nazo zina fitina. Mimi nimefanya kazi miaka mingi kwenye uzazi wa mpango, kwa hiyo mkasa wa Uingereza wa 1995 ninaujua vizuri. Wakuu wa dawa walitangaza kuwa vidonge vya aina mpya vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Maradufu! Nani asingeogopa? Lakini hatari hiyo ilikuwa imetoka kama mwanamke 1 katika 7,000 ikafika kama 2 katika 7,000. Wanawake waliacha vidonge ghafla, na inakadiriwa kuwa mwaka uliofuata Uingereza na Wales walipata utoaji mimba wa ziada kiasi cha 13,000. Na mimba yenyewe, kama nilivyokufundisha, inagandisha damu kuliko vidonge vile. Kwa hiyo ukiwa na namba, itoe kwa vichwa vya watu: wangapi katika elfu wanaotafuna, wangapi katika elfu wasiotafuna. Huna namba ya kwetu? Usiazime ya India ukaivisha kanzu ya Pemba. Sema "zaidi" na uishie hapo.

Sasa hofu. Makala ulizonitumia nimezisoma, nyengine mara mbili kwa sababu ya Kiingereza chao. Ile ya Janis na Feshbach ya 1953, ya meno ya wanafunzi, ndiyo inayowafanya watu waseme hofu nyingi haifai. Mimi iliyonikaa ni ya Howard Leventhal na wenzake, 1965, Chuo Kikuu cha Yale, juu ya chanjo ya pepopunda. Baadhi ya wanafunzi walisomeshwa maneno ya kutisha sana, wengine ya kutisha kidogo. Kuzidisha hofu hakukuzidisha waliochanjwa. Kilichowainua ni karatasi yenye ramani ya chuo, pahala pa kuchanjia pamezungushiwa duara, na kuombwa wapange saa ya kupita. Waliopewa mpango huo walichanjwa kama 28 katika kila 100, wasiopewa 3 tu. Lakini usilifiche na hili: ramani bila onyo lolote nayo haikumuinua mtu. Kwa hiyo msimamizi wako amekupa machaguo mawili ambapo kazi inadai mambo mawili kwa pamoja, na ungemwambia hivyo kwa adabu.

Kim Witte, mtafiti wa mawasiliano, naye aliliweka jambo hili katika nadharia mwaka 1992: mtu akiiona hatari ni kubwa na asione la kufanya, huacha kushughulika na hatari, hushughulika na hofu yake. Anakejeli, anabadilisha mazungumzo, anasema watu wa hospitali wana lao. Au anakwambia, "Kila mtu na siku yake." Hapa nakusihi, mwanangu. Wenzako wataandika kwamba Wapemba wanaamini majaaliwa kwa hiyo hawashauriki. Usiandike hivyo. Mvuvi huyo huyo anayesema kila mtu na siku yake, usiku wa upepo anatoka kitandani kwenda kukaza kamba ya ngalawa. Maneno hayo hutoka pale ulipomueleza jambo zito ukaondoka bila ya kumwambia kesho asubuhi aende wapi.

Na "wapi" kwetu ni suala zito. Mtu wa Micheweni akiona kidonda mdomoni, atazame gharama ya gari, siku aliyoikosa shambani, kisha akisha kukatwa kinyama cha kupimwa, pengine boti hadi Unguja, boti nyengine hadi Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road. Niliowasindikiza mimi wengi walikuwa wameshachelewa, uvimbe umetokeza shavuni. Kuogopa walikuwa wameogopa muda mrefu tu.

Utakumbuka ule mradi wa kutokomeza kichocho, Unguja na Pemba, kuanzia 2011 hadi 2017. Na kichocho cha mkojo ni ndugu wa mada yako, maana kikikaa miaka kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Shehia zote zilipewa dawa ya kichocho, prazikwanteli, baadhi zikaongezewa kuuliwa konokono, nyengine elimu ya kubadilisha tabia. Nilichokipenda ni kwamba elimu ile haikwenda mikono mitupu: walijenga pahala pa kufulia na pa kukojolea karibu na maji, ili ukimwambia mtoto asikojoe bwawani uwe na pa kumuonesha. Ugonjwa ulipungua kote. Lakini shehia zilizoongezewa elimu hazikuziacha mbali zile zilizopewa dawa peke yake, na hili nalo liandike. Wanaosomea maneno hupenda kudhani maneno yao ndiyo yaliyofanya kazi.

Nani aseme? Hapa nitapita haraka. Mimi nisingempa daktari kijana wala msanii. Kazi hiyo ningewapa masomo, wale wanawake wanaofunda maharusi, kwa sababu harusini ndiko wasichana wengi wanakoonjeshwa tambuu mara ya kwanza, na somo anasikilizwa kuliko redio. Una bahati pia kwamba kinywa hakina aibu. Tulipokuwa tunawaita wanawake kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, nusu ya kazi ilikuwa ni sitara, na ruhusa ya mume. Mdomo mtu anaufungua barazani.

Mimi ningeandika hivi, nawe utengeneze:

"Unatafuna tambuu au popoo, hata bila tumbaku? Sukutua, simama penye mwanga, shika kioo. Tazama ndani ya mashavu, chini ya ulimi na kwenye ufizi. Ukiona baka jeupe au jekundu lisilofutika, kidonda kisichopona kwa wiki mbili, au kinywa hakifunguki kama zamani, nenda chumba cha meno, hospitali fulani, siku fulani, muulize fulani. Si kila baka ni saratani. Ikiwa ndiyo, ikigunduliwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi. Kuacha kunapunguza hatari, hata kwa aliyetafuna miaka mingi."

Nimemsomea bibi. Amesema neno "acha" nimeliweka mwisho kabisa na nimefanya vizuri, kwani lingekuwa mwanzo asingefika kwenye kioo. Kisha akaniagiza kioo. Hakuna alichokiona, alhamdulillahi, na tambuu hajaacha.

Hizo "fulani" tatu uzijaze mwenyewe ukija likizo. Pita hospitali moja moja, Wete, Chake Chake, Mkoani, uulize siku gani kuna mtu wa kutazama vinywa na kama huwapo kweli siku hiyo. Na namba ya simu usiiandike kwenye karatasi mpaka umeipiga wewe ikajibiwa.

Mama yako