Ndege ndogo imepita juu yako? Anza na bawa

Jumapili iliyopita msomaji mmoja wa Lang'ata, Nairobi, aliniandikia: "Kaka, kuna ndege imepita juu ya paa letu, mabawa juu, injini mbili. Mimi nasema Twin Otter, mke wangu anabisha. Tuamulie." Nikamuuliza kama aliona magurudumu, na kama kuna nguzo iliyoshikilia bawa kutoka ubavuni. Hakuona hata kimoja, ila kwenye ncha ya kila bawa kulikuwa na kitu kama chupa. Hayo ni matangi ya mafuta. Nikamjibu: LET 410. Jioni akapita uwanja wa ndege wa Wilson, akaikuta imeegeshwa. Shemeji alikuwa sahihi kubisha, na mimi nilifurahi sana, sifichi.

Nilifurahi kwa sababu miaka mitatu iliyopita mimi ndiye niliyeumbuka. Nilikuwa uani kwangu, Kisongo, Arusha, jua linazama, ikapita ndege yenye mkia wa herufi T. Mlio wa turbini, mabawa chini. Nikakimbilia simu na kuandika kwenye grupu letu la wapenda ndege: "King Air 200 hiyo." Haikupita muda, mwenzetu akaweka picha aliyoipiga. Ilikuwa PC-12: nayo ina mkia wa T, ila propela ni moja tu, puani, wakati King Air ina mbili. Jamaa mmoja akaandika: "Asiyejua kuhesabu injini atatufundisha nini?" Iliniuma, na bado inaniuma, maana vijana wa grupu walikuwa wakinitegemea.

Kosa langu lilikuwa kuuona mkia nikatosheka. Mlio nao haukunisaidia: King Air, PC-12, Cessna Caravan (mabawa juu, injini moja) na Twin Otter zote hutumia injini za ukoo mmoja, PT6. Sikio litakutofautishia turbini na injini ya pistoni ya Cessna 172, basi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza na bawa: liko juu ya kiwiliwili au chini? Kisha hesabu injini. Hesabu tena. Kisha magurudumu: ya Caravan na Twin Otter hukaa nje safari nzima, ya LET hukunjwa, yale makuu yakiingia ndani ya vifuko viwili vya ubavuni. Ikikaribia kutua yote yatakuwa nje, hapo tafuta hivyo vifuko, na ile nguzo ya bawa ambayo Twin Otter inayo na LET haina. Ukiweza kusoma usajili, 5H ni ya Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda. Flightradar24, programu ya simu ya kufuatilia ndege, inasaidia, ingawa ndege ndogo nyingine hazionekani humo.

Na usitaje jina kabla hujaviona vyote. Andika kwanza ulichokiona, ndipo ufungue simu. Vijana, nawasihi, acheni pupa ya kuwa wa kwanza kujibu!

Jamaa yule hajaniomba radhi mpaka leo. Ile picha ya PC-12 ninayo kwenye simu, na niliifungua tena Jumapili kabla ya kumjibu mtu wa Lang'ata.