Timu iliyopoteza mechi 121: majira ya baridi unaanzia wapi?

Mkuu, umeuliza: ukikabidhiwa timu ya besiboli ya kulipwa iliyoshika mkia, na umebaki na miezi minne au mitano kabla ya msimu mpya, unaanza na nini? Najibu kwa mfano mmoja tu, Chicago White Sox baada ya msimu wa 2024, maana tangu 1901 hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyopoteza mechi nyingi kama wao. Walishinda 41 na kupoteza 121, wakaipita rekodi ya vipigo 120 ya New York Mets ya mwaka 1962. Katikati ya msimu walipoteza mechi 21 mfululizo. Walipata mikimbio (pointi za besiboli) 507 na kuruhusu 813. Ukiweza kuipangia timu ya namna hiyo, nyingine zote ni nyepesi.

Kwa waliozoea soka, mambo mawili kwanza. Hakuna kushuka daraja. Na mchezaji hauzwi kwa ada ya uhamisho kama tulivyozoea. Unamtoa, unapewa wachezaji wengine. Kwa hiyo mtaji wa klabu mbovu haupimwi kwa dola, unapimwa kwa miaka ya umiliki. Siku 172 kwenye ligi kuu zinahesabiwa mwaka mmoja, na mchezaji anakuwa huru baada ya miaka sita. Mitatu ya kwanza kwa kawaida analipwa karibu na kima cha chini (dola 760,000 kwa 2025), mitatu inayofuata mshahara unapanda kwa njia ya usuluhishi, yaani jopo linaamua klabu na mchezaji wasipokubaliana. Kijana aliyepanda leo ni miaka sita mkononi mwako. Nyota aliyebakiza miwili ni miwili tu, hata awe mzuri namna gani.

Kazi ya kwanza basi ni karatasi, kabla hujampigia mtu simu. Kila mchezaji mstari wake: miaka iliyobaki, mshahara, na opsheni, yaani misimu mitatu ambayo unaruhusiwa kumshusha ligi ndogo (timu za klabu za kukuzia wachezaji) bila klabu nyingine kumchukua. Halafu andika juu ya karatasi mwaka ambao unaamini kwa dhati kwamba timu itagombea ubingwa. Ukiandika 2027, basi yeyote ambaye umiliki wake unaisha 2026 ni wa kubadilishwa. Hapa ndipo klabu nyingi zinapojidanganya. Zinaandika "mwakani", zinabaki na nyota wao, zinashinda mechi 68, na nyota anaondoka bure.

White Sox walikuwa na Garrett Crochet, mrushaji wa mkono wa kushoto, katika mwaka wake wa kwanza kama mrushaji wa kuanza mechi. Alirusha iningi 146 (mechi moja ina iningi, yaani vipindi, tisa) na kuwatoa wapigaji 209 kwa straiki. Alibakiza miaka miwili, 2025 na 2026. Julai, biashara za katikati ya msimu zilipofungwa, hawakumwachia. Desemba 11, 2024, kwenye mikutano ya majira ya baridi huko Dallas, wakampeleka Boston Red Sox na kupokea wanne: mdakaji Kyle Teel, mchezaji wa uwanja wa nje Braden Montgomery, Chase Meidroth wa uwanja wa ndani, na mrushaji Wikelman González.

Angalia mchanganyiko huo, maana ndio fundisho lenyewe. Timu iliyofunga mikimbio 507 haina njaa ya warushaji, ina njaa ya gongo. Tena tayari walikuwa na warushaji wawili wa mkono wa kushoto wa kutumainiwa kutoka kwenye drafti (klabu kuchagua vijana wapya kwa zamu), Noah Schultz na Hagen Smith. Kwa hiyo walichukua wapigaji watatu na mrushaji mmoja. Meidroth na Teel walikuwa karibu na ligi kuu, na wote wawili walifika 2025, Meidroth Aprili na Teel Juni. Montgomery alikuwa mbali, ametoka kuvunjika mguu chuoni, ila ndiye anayeweza kufika juu kuliko wote. Ukichukua wanne wa mbali, utasubiri miaka mitatu huku uwanja mtupu. Ukichukua wanne wa karibu, utapata watu wa kawaida wanne.

Linganisha na biashara ya Machi 2024, walipompeleka Dylan Cease San Diego. Jina kubwa walilopata lilikuwa Drew Thorpe, mrushaji. Machi iliyofuata Thorpe akafanyiwa upasuaji wa kiwiko na msimu wote wa 2025 ukaenda. Si kosa la mtu, mikono ya warushaji ndivyo ilivyo, lakini ndiyo sababu biashara yako kubwa kuliko zote isiegemee mkono mmoja. Na kuchelewa nako kuna bei. Mchezaji wao wa uwanja wa nje, Luis Robert Jr., alipiga homurani (mpira unaovuka uzio wa uwanja) 38 mwaka 2023. Mwaka uliofuata alicheza mechi 100, akapiga 14. Thamani iliyokuwa mezani Novemba 2023 haikuwepo tena Novemba 2024.

Sasa orodha ya watu 40, yaani wachezaji ambao klabu inawalinda na inaweza kuwatumia ligi kuu, sehemu ninayoiona muhimu kupita zote na inayozungumzwa kidogo mno. Fainali zikiisha tu, wale waliokuwa kwenye orodha ya majeruhi ya siku 60, ambao hawahesabiwi kwenye 40, lazima warudishwe ndani ya siku tano, na ghafla una watu 43 au 44 kwenye nafasi 40. Katikati ya Novemba kuna tarehe ya kuwalinda vijana: aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini analindwa baada ya misimu mitano, aliyesajiliwa na 19 au zaidi baada ya minne. Usipomweka kwenye 40, klabu nyingine inaweza kumchukua Desemba kwenye drafti ya Kanuni ya 5. Kumchukua ni dola 100,000, na ni lazima akae kwenye kikosi cha watu 26 msimu mzima. Ukishindwa kumbeba, anapitia weiva (klabu nyingine zinapewa nafasi ya kumchukua kwa zamu) kisha anarudishiwa klabu yake kwa 50,000.

Klabu bora haiwezi kumbeba kijana asiye tayari kwa mechi 162. Klabu iliyopoteza 121 inaweza, na ndiyo inayochagua kwanza. White Sox walimchukua Shane Smith kutoka Milwaukee Brewers, klabu yenye warushaji wengi kuliko nafasi. Smith hakuwahi hata kuchaguliwa kwenye drafti ya kawaida. Alianza msimu wa 2025 kwenye zamu ya warushaji wa kuanza, na Julai alikuwa mwakilishi wa White Sox kwenye mechi ya nyota. Dola 100,000! Tafuta mrushaji mwenye mpira mzito aliyebanwa na orodha iliyojaa. Mpigaji wa miaka 20 aliyetoka ligi za chini kabisa atakaa benchi mwaka mzima na kupoteza mwaka wa kujifunza.

Hilo linawezekana tu kama una nafasi wazi. Kosa la kawaida ni kujaza orodha Novemba kwa warushaji wa akiba wenye miaka 31, halafu Desemba na Machi unabaki kutazama. Mwenye rekodi mbovu yuko mbele ya foleni ya weiva majira yote ya baridi hadi wiki za mwanzo za msimu. Mwezi Machi, klabu zinapopunguza vikosi, ndipo wachezaji wazuri walioishiwa opsheni wanapoachwa. Acha nafasi mbili wazi mpaka wakati huo.

Fedha zitumie kwa mikataba ya mwaka mmoja. White Sox walimpa Martín Pérez dola milioni 5, Josh Rojas milioni 3.5, Mike Tauchman milioni 1.95, Austin Slater milioni 1.75. Kazi yao ni mbili: kuzuia vijana wasipandishwe kabla ya wakati, na kubadilishwa Julai. Slater alikwenda New York Yankees, akaja mrushaji mmoja wa ligi ndogo, Gage Ziehl. Adrian Houser waliyemwokota Mei akaanza mechi 11 akiruhusu wastani wa mikimbio 2.10 katika kila iningi tisa, kisha Tampa Bay Rays wakatoa Curtis Mead na warushaji wawili. Pérez aliumia Aprili na Rojas aliachwa katikati ya msimu. Ndiyo maana unasajili watano au sita wa aina hii, ukitegemea wawili watalipa. Mkataba mrefu usiutoe. Andrew Benintendi alipewa miaka mitano na dola milioni 75 kabla ya msimu wa 2023, mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu hiyo, na msimu huohuo wakapoteza mechi 101.

Piga pia hesabu ya iningi, usiiache mpaka Februari. Mechi 162 mara tisa ni kama iningi 1,450. Mrushaji wa kuanza mwenye afya atakupa 150 hadi 180, kwa hiyo watano wakikamilika wote hawazidi 900, na hawatakamilika. Kijana aliyerusha 110 mwaka jana usimpangie 180. Crochet mwenyewe alitoka kwenye iningi zisizofika 13 mwaka 2023, na ndiyo sababu kuanzia Julai 2024 walimkata hadi iningi nne au chini ya hapo kila mechi. Uwe na majina tisa au kumi ya watu wanaoweza kuanza mechi kabla kambi ya mazoezi haijafunguliwa. Ukiwa na sita, Juni utakuwa unampandisha mtoto wa miaka 21 kwa sababu hakuna mwingine, na hapo unaharibu mtaji.

Benchi la ufundi liajiri mapema, kabla ya biashara kubwa, ili makocha waseme ni mchezaji gani wanaweza kumrekebisha. White Sox walimchukua Will Venable kutoka Texas Rangers kuwa meneja, na Ryan Fuller kutoka Baltimore Orioles kusimamia upigaji. Masika ya 2025 kijana wao Colson Montgomery alikuwa hagusi mpira ligi ndogo. Wakamtoa kwenye mechi, wakampeleka Arizona kurekebisha anavyozungusha gongo chini ya Fuller. Julai akapanda ligi kuu, akapiga homurani 21 katika mechi 71.

Klabu hiyohiyo ilishajijenga upya kuanzia Desemba 2016, ilipomtoa Chris Sale na kumpata Yoán Moncada na Michael Kopech, halafu José Quintana akamleta Eloy Jiménez na Cease. Majina yote makubwa. Wakaingia mtoano 2020 na 2021, wakashinda mechi mbili tu za mtoano kwa miaka yote miwili. Ushindi wao wa msimu tangu 2021: 93, 81, 61, 41. Nyuma ya majina yale hapakuwa na safu ya pili, na majeruhi walipoanza hakukuwa na kijana aliyeandaliwa.

Mwisho, usipange kupoteza makusudi ili upate chaguo la kwanza la drafti. Tangu drafti ya 2023 nafasi sita za juu zinapigiwa bahati nasibu, na timu tatu mbovu kabisa zina nafasi ya asilimia 16.5 kila moja ya kupata chaguo la kwanza. Zaidi ya hapo, klabu inayochangia mfuko wa kugawana mapato haiingii bahati nasibu miaka miwili mfululizo, na inayopokea haiingii mitatu. White Sox walichagua wa tano 2024, kwa hiyo baada ya vipigo 121 walichagua wa kumi 2025. Mwaka uliofuata walipoteza 102, wakaruhusiwa, wakapata la kwanza la 2026. Colorado Rockies waliopoteza 119 wakazuiwa. Kwa hiyo kwenye ile karatasi ya mwanzo ongeza mstari mmoja: mwaka upi unaruhusiwa kuingia bahati nasibu.

Kama una timu maalum kichwani, weka hapa orodha yake ya 40 pamoja na miaka iliyobaki ya kila mmoja, tuipitie jina kwa jina.