Printa na Kompyuta Hazionani

SWALI: Printa na laptopu yangu zote zinapata Wi-Fi ya nyumbani, na intaneti ipo, lakini laptopu haiioni printa. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Katika Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika ipconfig, kisha soma mstari wa IPv4. Ya printa utaipata kwenye menyu yake ya mtandao. Laptopu ikiwa 192.168.1.23 na printa 192.168.0.14, hapo kuna mitandao miwili. Mara nyingi chanzo ni ruta ya pili iliyochomekwa kwenye ile ya kwanza, nayo inagawa anwani zake yenyewe. Ingia kwenye mipangilio yake uibadilishe iwe Access Point (kituo cha kusambaza Wi-Fi tu), ili kazi ya kugawa anwani ibaki kwa ruta moja tu.

Mafungu matatu ya mwanzo ya namba za anwani hizo mbili yakilingana, rudi Command Prompt uandike ping (amri ya kujaribu kama kifaa kinajibu) ukifuatisha anwani ya printa. Isipojibu, kagua kama kifaa kimojawapo kimeunganishwa na Wi-Fi ya wageni. Hiyo hutoa intaneti lakini kwa makusudi huzuia vifaa kuonana. Kwenye ruta, zima pia AP Isolation, mpangilio unaozuia vifaa vya Wi-Fi kuwasiliana. Kama laptopu ina VPN (programu inayopitisha mawasiliano yake kwenye mtandao mwingine), izime ujaribu tena.

Printa ikijibu lakini haionekani kwenye orodha ya printa, badilisha aina ya mtandao kwenye mipangilio ya Windows kutoka Public (wa umma) kwenda Private (wa binafsi). Tafadhali usizime firewall (kinga ya mtandao ya kompyuta) yote! Bado? Ongeza printa kwa kuandika wewe mwenyewe anwani yake ya IP, na uitengee anwani hiyo kwenye DHCP ya ruta (sehemu inayogawa anwani) isije ikabadilika.