Pima Ngazi Kwanza: Niliyojifunza Katika Kazi ya Redio za Zimamoto

Jumanne iliyopita, hapa Texas, jengo la ghorofa 14 nililolifungia mfumo wa redio za zimamoto, yaani mitambo inayowawezesha wazimamoto kusikilizana kwa redio wakiwa ndani ya jengo, lilifaulu ukaguzi katika jaribio la kwanza, na jioni hiyo hiyo nikapokea ujumbe wa kijana kutoka Morogoro anayesomea mawasiliano ya redio huku Marekani, akiuliza aanzie wapi ili aingie katika kazi hii. Namjibu hapa hadharani, kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mnatamani siku moja kutia saini ripoti ya namna hiyo kwa jina lenu wenyewe.

Miaka sita iliyopita nilishindwa vibaya. Kanuni ya moto iitwayo IFC, katika kifungu chake cha 510 kilicholeta sharti la redio mwaka 2009, ilitaka katika matoleo yake ya kwanza mawimbi ya redio za waokoaji yasipungue nguvu ya -95 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) katika asilimia 95 ya eneo la kila ghorofa. Ghorofa hugawanywa katika sehemu 20 zinazokaribiana ukubwa, kisha mpimaji husimama katika kila moja na redio mkononi. Nilifanya hivyo kwa uangalifu, nikapata namba nzuri, nikaripoti kwamba jengo halihitaji kikuza mawimbi.

Kosa langu ni kwamba nilipima kabla ya madirisha kuwekwa vioo. Vioo vya siku hizi hupakwa utando mwembamba wa metali ili kuzuia joto, na utando huo huzuia mawimbi pia. Mkaguzi alipokuja, jengo likiwa limefungwa kila upande, redio ilinyamaza kwenye ngazi za dharura za chini ya ardhi na katika chumba cha pampu, yaani pale pale ambapo mzimamoto huhitaji kusikika kuliko mahali pengine popote. Kibali cha kuanza kutumia jengo kilicheleweshwa. Msimamizi wangu alisimama mbele ya mkutano mzima akanitaja kuwa ndiye niliyepima, ingawa nilikuwa nimemwomba kwa mdomo turudie kipimo naye akajibu kwamba fedha hazipo. Sikuwa na barua wala hata ujumbe wa simu wa kunitetea. Jambo hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo, ndugu yangu, pima ngazi kwanza, kisha upime tena jengo likishafungwa, na kila unachokiomba kiombe kwa maandishi. Uliza mapema mji unatumia toleo gani la kanuni, kwa sababu matoleo hutofautiana. Usiwashe kikuza mawimbi kabla ya kupata idhini ya mwenye leseni ya masafa ya redio hizo, kwani sheria za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, zinaitaka, na kikuza kilichofungwa ovyo kinaweza kuvuruga redio za zimamoto za mji mzima.

Wala usidhani kwamba kuwapo kwa mtambo kunatosha. Baada ya bomu la mwaka 1993, kituo cha kurudia mawimbi, yaani mtambo unaopokea mawimbi ya redio na kuyarusha upya, kilifungwa katika World Trade Center kwa ajili ya wazimamoto wa New York. Tarehe 11 Septemba 2001 makamanda waliokuwa chini ya mnara wa kaskazini walikijaribu, wakaamini kimeharibika, wakaacha kukitumia. Tume iliyochunguza siku ile ilieleza kwamba kituo chenyewe kilikuwa kimewashwa, ila kitufe cha pili, cha kuwezesha kuzungumza kupitia mkono wa simu wa kituo hicho, hakikubonyezwa. Watu wanaofanya kazi yetu hawana ruhusa ya kuisahau habari hiyo. Tunapokabidhi mfumo ni wajibu wetu kuwaonyesha wazimamoto wenyewe kila kitufe, na kuhakikisha kipimo kinarudiwa kila mwaka, kwa maana ukuta mpya mmoja, au jengo jipya ng'ambo ya barabara, unaweza kubadilisha kila kitu.

Jumanne ile nilimwomba mkaguzi tuanzie chini, kwenye ngazi. Alizungumza kwenye redio kutoka ghorofa ya pili chini ya ardhi, na mwenzake aliyekuwa nje kwenye gari akarudia maneno yake yote bila kuuliza mara ya pili.